Namba ambazo hata mwenyewe hupaswi kuzibashiri

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kipande cha programu ambacho nilikiona kuwa kazi safi kabisa. Mtumiaji aliyesahau nywila yake aliomba kuibadilisha, programu ikatunga tokeni, yaani msimbo wa siri wa kumtambua, yenye herufi na tarakimu 32, ikaihifadhi kwenye hifadhidata, kisha ikamtumia kiungo kwa barua pepe. Niliitazama tokeni hiyo mara nyingi wakati wa majaribio, na kila nilipoitazama nilizidi kuridhika, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo zilichanganyika na tarakimu bila mpangilio wowote unaoonekana kwa macho, na nilipotunga tokeni milioni moja kwa mkupuo hapakuwa na hata mbili zilizofanana. Mwenzangu aliyepewa kazi ya kuipitia programu kabla haijaanza kutumika hakuitazama tokeni hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, hiki kizalishaji chako cha namba nasibu kinaanzia wapi?"

Nilimjibu kwamba kinaanzia kwenye saa ya kompyuta, kwa milisekunde, na kwamba kwa kuwa saa haisimami basi mbegu, yaani namba ya kuanzia, nayo haiwezi kujirudia. Hakubishana nami. Aliomba kubadilisha nywila ya akaunti yangu ya majaribio, akasoma saa ambayo seva yenyewe huiandika katika kila jibu inalotoa, kisha akaandika kitanzi kifupi kilichojaribu kila milisekunde ya sekunde ile na ya sekunde iliyoitangulia. Mbegu 2,000, basi. Kabla sijamaliza kujitetea, orodha ya tokeni 2,000 ilikuwa kwenye skrini yake, na mojawapo ilikuwa ileile niliyoikuta katika sanduku langu la barua. Lile jaribio langu la tokeni milioni moja halikuwa limethibitisha chochote, maana nilipanda mbegu mara moja mwanzoni na kuvuna milioni kutoka humo, ilhali katika matumizi halisi kila ombi lilianza upya na mbegu yake.

Kompyuta imeundwa ili isibahatishe. Ukiipa ingizo lilelile na maagizo yaleyale, itakupa jibu lilelile leo, kesho na mwakani, na ndiyo sababu tunaiamini kwa hesabu za fedha na vipimo vya maabara. Kwa hiyo kile kinachoitwa kizalishaji cha namba nasibu katika lugha nyingi za programu ni hesabu ya kawaida: kinachukua mbegu, kinaivuruga kwa kuzidisha, kujumlisha na kusogeza biti (zile 0 na 1 zinazounda namba ndani ya kompyuta), kinatoa namba moja, kisha kinabaki na hali mpya itakayozaa namba inayofuata. Mwanahisabati John von Neumann, ambaye mwenyewe alibuni njia mojawapo ya namna hiyo, aliandika mwaka 1951 kwamba anayefikiria kuzalisha tarakimu nasibu kwa njia za hesabu yumo katika hali ya dhambi. Alikuwa akitania nusu, na hakuiacha dhambi yenyewe, kwa sababu alizihitaji namba hizo ili kuiga kwa kompyuta mienendo ya neutroni.

Na kwa kazi ya kuiga mambo, hesabu hiyo inatosha kabisa. Mtafiti anataka namba zilizosambaa kwa usawa, zinazopatikana haraka, na anataka aweze kupanda mbegu ileile mwezi ujao ili arudie jaribio lake na kupata matokeo yaleyale. Kizalishaji kinachojulikana kuliko vyote katika kundi hili, Mersenne Twister, kilibuniwa na Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwishoni mwa miaka ya 1990, na mzunguko wake kabla ya kujirudia ni mrefu kiasi kwamba idadi yake ikiandikwa kwa tarakimu inajaza kurasa. Urefu huo huwahadaa watu. Hali yote ya ndani ya kizalishaji hicho ni namba 624 za biti 32, na anayeona matokeo 624 mfululizo anaweza kurudi nyuma kihesabu, akaijenga upya hali hiyo na kuanzia hapo akajua kila namba itakayotoka. Moduli ya kawaida ya namba nasibu katika lugha ya programu ya Python inatumia kizalishaji hichohicho, na waandishi wa lugha hiyo wanaonya waziwazi kwamba kisitumike kwa mambo ya usalama. Ndiyo maana toleo la 3.6, lililotoka mwaka 2016, liliongeza moduli tofauti iitwayo secrets.

Ilinichukua muda kukubali kwamba unasibu, kwa maana inayomhusu mtu wa usalama, hauwezi kuonekana ndani ya namba. Namba yenye sufuri tupu inaweza kuwa nasibu kamili endapo ilipatikana kwa njia ambayo ingeweza kutoa namba nyingine yoyote kwa uwezekano sawa, na namba iliyovurugika hadi ikatisha inaweza kuwa wazi kama mchana kwa mtu anayejua ilikoanzia. Tunachokitafuta ni kiasi cha kutojua kilichobaki kwa adui. Kiasi hicho hupimwa kwa biti na huitwa entropia, na njia nyepesi ya kukiona ni kujiuliza mtu mwenye msimbo wa programu mkononi, anayejua algoriti yote, angelazimika kujaribu mara ngapi. Mwaka mzima una sekunde 31,536,000, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi sana. Biti 128 halisi, kwa upande mwingine, zinampa adui idadi yenye tarakimu 39, na hapo hata kompyuta zote za dunia zikishirikiana hazifiki popote.

Mwaka 1999 watafiti wa kampuni ya Reliable Software Technologies walichunguza programu ya kuchanganya karata iliyotumika katika mchezo wa poka wa mtandaoni. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi mno, idadi yenye tarakimu 68, lakini mbegu ya programu ile ilikuwa ni milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane, nazo katika siku nzima ni 86,400,000 pekee. Walipoioanisha saa yao na saa ya seva, uwezekano ulishuka hadi kama 200,000, na baada ya kuona karata chache tu waliweza kujua mkono wa kila mchezaji mezani. Linaloumiza ni kwamba msimbo ule ulikuwa umewekwa hadharani ili kuwathibitishia wachezaji kwamba mchezo ni wa haki. Miaka minne kabla yake, Ian Goldberg na David Wagner, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wamegundua kosa la ukoo huohuo katika kivinjari cha Netscape: funguo za mawasiliano ya siri zilitokana na saa pamoja na namba mbili za utambulisho wa michakato (programu zinazoendeshwa kwa wakati huo), mambo ambayo mtu mwenye akaunti kwenye mashine hiyohiyo angeweza kuyajua yote isipokuwa mikrosekunde. Mikrosekunde ndani ya sekunde moja ni 1,000,000.

Kisa ambacho nakirudia mara nyingi kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwa sababu hapo hapakuwa na mvivu wala mjinga. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika mfumo huo alikuwa akishughulikia maonyo ya zana inayokagua matumizi ya kumbukumbu, zana iliyolalamika kwamba maktaba ile inasoma kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Aliwauliza watu wa OpenSSL kabla ya kufanya lolote, hakupata pingamizi la maana, kisha akaondoa mistari miwili. Mmoja kati ya hiyo kwa kweli haukuwa na faida kubwa. Mwingine ndio uliokuwa mlango wa kuingizia entropia yote katika kizalishaji, kwa hiyo ulipoondoka, kilichobaki cha kutofautisha funguo moja na nyingine kilikuwa ni namba ya utambulisho wa mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768.

Hali hiyo iliendelea hadi Mei 2008, Luciano Bello alipoigundua. Kwa muda wote huo, zaidi ya mwaka mmoja na nusu, mashine zilizotumia Debian na mifumo iliyotokana nayo zilitunga funguo za SSH, za kuingilia kwenye seva kwa mbali, na vyeti vya seva ambavyo mtu yeyote angeweza kuvitunga vyote nyumbani na kuviweka kwenye diski. Majaribio yote ya programu yalipita. Funguo zilifunga na kufungua kama zilivyotakiwa, sahihi zilithibitika, na hakuna mtumiaji aliyepata ujumbe wa hitilafu. Kasoro nyingine za programu hupiga kelele zenyewe, kwani ukurasa haufunguki, hesabu haitoki au seva inazimika. Hii ilikaa kimya huku kila kitu kikienda vizuri, na isingekuwa mtu mmoja kupata shaka, sijui kingeiibua nini.

Entropia yenyewe inatoka wapi, basi, ikiwa kompyuta haibahatishi? Inatoka nje ya hesabu, kwenye vitu vya kimaumbile ambavyo kompyuta inagusana navyo. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, imekuwa na kazi hiyo tangu 1994, Theodore Ts'o alipoandika kizalishaji chake cha kwanza: inapima wakati halisi, kwa usahihi mkubwa, ambapo kibodi imebonyezwa, diski imejibu au kifaa kingine kimeikatiza prosesa, na inakusanya tofauti hizo ndogondogo katika bwawa linalovurugwa na hashi ya kriptografia, hesabu ya kuvuruga data isiyoweza kurudishwa nyuma. Hakuna kipimo kimoja kati ya hivyo kinachotosha, na vingi kati yake adui anaweza kuvikisia kwa sehemu, lakini hashi nzuri haipotezi kilichoingia humo, na vikirundikana vya kutosha, bwawa linafikia mahali ambapo hakuna anayeweza kulijua. Zipo taa za lava ambazo kampuni ya Cloudflare imezipanga ukutani katika ofisi yake ya San Francisco na kuzielekezea kamera ili mwendo wa nta uchangie entropia. Ni mapambo mazuri na wazo lenyewe ni sahihi, ila mashine ya kawaida iliyokwisha kuwaka haihitaji ukuta wa taa.

Bwawa likishajaa, kazi inayobaki ni ya hesabu tena, na hapa wengi huchanganyikiwa. Kutoka kwenye mbegu ya biti 256 isiyojulikana, algoriti kama ChaCha20, ambayo kerneli ya Linux imekuwa ikiitumia kwa kazi hii tangu 2016, inaweza kutoa data nyingi kupita mahitaji ya programu yoyote bila adui kuweza kukisia baiti (kundi la biti nane) inayofuata kutokana na zilizotangulia. Ni kizalishaji cha hesabu kama vile vya mtafiti, isipokuwa kimeundwa ili kurudi nyuma kuwe kugumu sawa na kuvunja usimbaji fiche wenyewe. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba entropia inatumika ikaisha, kama maji kwenye mtungi, na kwamba kusoma /dev/urandom, chanzo cha namba nasibu cha Linux kisichosubiri, badala ya /dev/random, kile kilichosubiri, ni kujihatarisha. Nami nilikuwa miongoni mwa waumini, na nimewahi kuiacha seva isimame dakika nzima ikisubiri "entropia irudi" huku nikijiona mtu makini. Imani hiyo haikuwa na msingi wa kriptografia, na tangu toleo la 5.6 la kerneli, mwaka 2020, /dev/random yenyewe haisubirishi tena mtu baada ya kizalishaji kujazwa mara ya kwanza.

Hatari halisi iko katika hiyo mara ya kwanza. Kifaa kidogo kisicho na kibodi wala diski, kama ruta, huwashwa na ndani ya sekunde chache kinatakiwa kitunge ufunguo wake wa kudumu, wakati ambapo bwawa bado ni karibu tupu na ruta nyingine elfu za aina hiyohiyo zimepita katika hatua zilezile. Mwaka 2012 timu mbili za watafiti, mojawapo ikiwa na Nadia Heninger na J. Alex Halderman, zilikusanya funguo za wazi, zile zinazoonekana na kila mtu, za mfumo wa usimbaji fiche wa RSA kutoka kwenye intaneti nzima na kutazama kama zinafanana. Ufunguo wa RSA ni zao la namba tasa mbili kubwa, na usalama wake unategemea ugumu wa kuzitenganisha. Vifaa viwili vikianza na bwawa lilelile vitachagua namba tasa ya kwanza ileile. Kisha bahati ya kimaumbile inaingia katikati, mpigo mmoja wa saa, na namba tasa ya pili ikatofautiana. Hapo kila ufunguo peke yake unaonekana imara, lakini mwenye funguo zote mbili za wazi hahitaji kuvunja chochote: anatafuta kigawo kikubwa cha shirika, kwa njia ya Euklidi inayofundishwa shuleni, na kompyuta inampa namba tasa ya pamoja papo hapo. Timu ya Heninger ilipata kwa njia hiyo funguo za siri za asilimia 0.50 ya seva za TLS, yaani za mawasiliano ya siri ya mtandaoni, ilizozichunguza. Wito wa getrandom, njia ya programu kuiomba kerneli namba nasibu, ulioongezwa katika Linux mwaka 2014, unaziba pengo hilo kwa kukataa kutoa baiti hata moja kabla bwawa halijajaa, na hiyo ndiyo subira pekee ninayoitetea.

Mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, zina tatizo la jirani. Ukihifadhi picha ya mashine inayofanya kazi na kuiwasha mara mbili, umeihifadhi pia hali ya kizalishaji, na nakala zote mbili zitaanza kutoa namba zilezile mpaka kitu kipya kiingie katika mabwawa yao. Mchakato unaojigawanya katikati, mzazi na mtoto wakabaki na kizalishaji kimoja ndani ya kumbukumbu zao, unafikwa na jambo hilohilo. Kwa hiyo napendelea kuiomba kerneli kila mara kuliko kuweka kizalishaji changu ndani ya programu, hata kama kufanya hivyo ni polepole kidogo.

Baiti zikishakuwa nzuri, bado mtu anaweza kuziharibu njiani. Tokeni yangu ilitumia alama 62, yaani herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu, na ili kuchagua alama nilichukua baiti na kuigawa kwa 62, nikabaki na salio. Baiti ina thamani 256, na 62 inaingia humo mara nne na kubakiza nane. Kwa hiyo alama nane za kwanza zina njia tano za kutokea huku nyingine zikiwa na nne, na hivyo hujitokeza kwa robo zaidi. Katika tokeni ndefu hasara hiyo si kubwa, lakini katika mambo mengine upendeleo mdogo zaidi ya huo umewahi kutosha kufichua ufunguo. Tiba yake ni kuitupa kila baiti iliyo 248 au zaidi na kuomba nyingine.

Sahihi za kidijitali za mfumo uitwao ECDSA ndiko mahali ambapo upendeleo hausamehewi kabisa. Kila sahihi inahitaji namba yake ya siri ya mara moja, na namba hiyo ikitumika mara mbili, sahihi mbili zinageuka kuwa milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, hesabu ambayo jibu lake ni ufunguo wenyewe. Desemba 2010, kundi la fail0verflow lilionesha mjini Berlin kwamba Sony ilikuwa imetumia namba ileile kila mara katika kutia sahihi programu za PlayStation 3. Agosti 2013 kasoro katika kizalishaji cha Android ilisababisha pochi za Bitcoin kurudia namba hiyo, na fedha za watu zikachukuliwa. Tiba iliyochapishwa mwaka huohuo, katika waraka wa viwango vya intaneti wa RFC 6979, inanifurahisha kila ninapoikumbuka: badala ya kuomba namba nasibu, programu inaikokotoa kutokana na ufunguo wa siri na ujumbe unaotiwa sahihi, kwa hiyo haijirudii kwa ujumbe tofauti, na adui asiye na ufunguo bado haijui. Kuondoa bahati kumekuwa salama kuliko kuitegemea.

Kuhusu nani wa kumwamini, sina maneno mengi. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikiweka kizalishaji kiitwacho Dual_EC_DRBG katika viwango vyake. Mwaka uliofuata Dan Shumow na Niels Ferguson walionesha kwamba aliyechagua namba zake za msingi angeweza kuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma, wa kumwezesha kuzibashiri namba zinazotoka, na baada ya nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden mwaka 2013 kiliondolewa. Mwaka 2019 baadhi ya prosesa mpya za kampuni ya AMD zilikutwa zikijibu kila ombi la namba nasibu kwa biti za moja tupu, huku zikiripoti kwamba kazi imefanyika salama. Kerneli inayochanganya vyanzo vingi katika bwawa moja haiangushwi na chanzo kimoja kibovu, na hiyo kwangu ni sababu nyingine ya kutoiruka na kwenda moja kwa moja kwenye prosesa.

Programu yangu niliirekebisha alasiri ileile. Mistari kama 40 ilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na mmoja unaoiomba kerneli baiti 32. Tokeni zote za zamani nikazibatilisha. Kisha nikakaa kuandika jaribio la kuthibitisha kwamba tokeni mpya ni bora kuliko za awali, na kwa saa nzima sikuweza, kwa kuwa kila kipimo nilichokifikiria kilipita kwa tokeni mpya na kikapita vilevile kwa zile mbovu. Nilichoandika badala yake ni ukaguzi mfupi unaosoma msimbo wenyewe na kuukataa ukiikuta maktaba ya zamani imeitwa popote ndani ya sehemu inayohusu akaunti za watumiaji. Mwenzangu alipoupitia hakuniuliza chochote kuhusu tokeni. Aliuliza tu kama ukaguzi huo unafanya kazi kabla programu haijapelekwa kwenye seva, au baada.

Ulikuwa baada. Nikausogeza.